Taa za mbele za gari la zamani: kabla hujanunua LED soma hii kwanza

Mvua zikianza tu napata meseji zile zile, dada gari langu usiku halioni mbele kabisa niweke balbu gani, na wengi wanaouliza wana magari kama la kwangu, Corolla 110, Starlet, Carina, RAV4 zile za mwanzo, Escudo za kizamani, yaani magari ya miaka ya 90 ambayo bado yanadunda na mwenye nalo hana mpango wa kuliuza. Jibu langu huwa halimfurahishi mtu. Nunua balbu ya kawaida kabisa, ile ile iliyokuja na gari, ya kampuni inayoeleweka, halafu hela uliyotaka kununulia LED ipeleke kwenye waya na kwenye vioo vya taa. Mtu anasoma, ananyamaza, kesho yake unaona kaweka status gari lina taa nyeupeee zinachoma macho. Haya bana, ila leo ngoja nieleze vizuri ili nikiulizwa tena nitume link tu.

Tuanze na balbu yenyewe. Mengi ya magari niliyotaja hapo juu yanatumia balbu ya aina inayoitwa H4, ila usiniamini mimi, angalia iliyopo au maandishi kwenye taa yenyewe. H4 ina miguu mitatu, na ndani ya kioo chake kuna nyuzi mbili za kuwaka, filamenti, moja ya dimu (mwanga wa chini, wa karibu) na moja ya fulu (mwanga wa mbali), ndo maana boksi limeandikwa 60/55W, wati 60 za fulu na 55 za dimu. Hiki kitu kipo tangu 1971, kimewazidi umri wengi wenu humu, na bado hukosi kukipata kuanzia Gerezani Kariakoo mpaka Kirinyaga Road kule Nairobi. Ichukue mkononi, shika kwenye chuma sio kwenye kioo, uitazame vizuri: chini ya filamenti ya dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kimeikinga kwa chini. Siri yote iko hapo. Dimu ikiwaka, kile kikombe kinazuia mwanga usiguse nusu ya chini ya rifleta, lile bakuli linalong'aa ndani ya taa, kwa sababu mwanga unaogonga chini ya bakuli unarudi ukielekea juu, yaani machoni kwa anayekuja. Unabaki ule unaogonga sehemu ya juu tu, ambao unashuka barabarani. Paki mbele ya ukuta usiku utaona mstari kabisa, juu giza chini mwanga, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo ili umuone mtembea kwa miguu na baiskeli isiyo na taa pembeni.

Kwa hiyo aliyechora taa ya gari lako hakuchora balbu peke yake wala bakuli peke yake, alipima uzi uwake sehemu moja maalum na bakuli likazungushiwa hapo. Uzi ukisogea hata milimita moja ule mstari unavurugika. Shika hilo maana ndo linaamua karibu kila kitu kinachofuata.

Sasa nenda dukani. Mimi nikifika huwa naulizwa gari gani, nikisema 110 kijana ananiletea balbu mbili tatu halafu anaweka juu ya kaunta boksi jingine kubwa linang'aa, "Dada achana na hizo za njano zimepitwa na wakati, chukua hii LED, hii inapiga mpaka Chalinze." Ukimuomba aiwashe anaichomeka kwenye betri pale pale dukani na kweli ukuta mzima unakuwa mweupe, unatamani kutoa hela hapo hapo. Lakini ukuta wa dukani sio barabara. LED ya kuchomeka haina uzi, ina vidonge bapa vya mwanga vimebandikwa pande mbili za kipande cha chuma, vinatupa mwanga kulia na kushoto, wakati bakuli lako lilichorwa kwa uzi mwembamba unaowaka kuzunguka pande zote. Kuna zilizotengenezwa kwa umakini zikakaribia, lakini nyingi zinazouzwa huku kwetu mwanga unamwagika tu, mwingine juu ya miti, mwingine machoni kwa dereva wa lori, na mwingi sana unadondoka mita chache mbele ya bampa.

Na hapo kwenye bampa ndipo watu wanapodanganyika. Lami ya karibu ikiwa nyeupe sana jicho lako linajifunga, mboni inasinyaa kwa sababu kuna mwanga mwingi mbele yako, halafu kule mbali ambako ndo kuna ng'ombe au lori limeharibika limewekewa matawi ya miti huoni kitu. Wewe ndani ya gari unahisi unaona vizuri kuliko zamani, na hisia hiyo ni ya kweli kabisa, ila unaona vizuri mahali ambapo ukiwa na spidi 80 umeshachelewa kufunga breki. Mvua au ukungu ukiongezeka ndo balaa, ule mwanga uliopotelea juu unagonga matone unakurudia mwenyewe, unaendesha ukiwa ndani ya pazia.

Sisemi LED zote takataka. Gari la kwanza kutoka kiwandani na dimu za LED ni Lexus LS 600h ya 2007, na taa nzima ilichorwa kwa ajili ya LED, hiyo ni habari nyingine. Hata Ujerumani, ambako kwa miaka yote ilikuwa marufuku kuchomeka LED kwenye taa ya balbu, walikuja kuiruhusu balbu ya LED ya Osram mwaka 2020, lakini kwa orodha ya magari yaliyopimwa moja moja, modeli kwa modeli. Sasa waliopima gari moja moja wanakwenda kwa orodha, huyu wa boksi linalong'aa anakwambia "inaingia gari zote". Kuingia inaingia, mbona.

Kuna na hili la feni. LED inapata joto kwa nyuma, kwa hiyo ina feni au kichwa kikubwa cha chuma, na nyuma ya taa kuna ule mpira mweusi wa kuziba vumbi na maji. Kichwa hakipiti kwenye mpira, fundi anatoa kisu anakata mpira, au anautupa kabisa. Baada ya msimu mmoja wa vumbi la njia za mtaani na mvua za masika ndani ya taa kuna ukungu, bakuli linaanza kuwa jeusi, na hapo hata ukirudisha balbu ya zamani hairudi kama ilivyokuwa.

Balbu za bluu sitazipotezea muda. Zile zilizopakwa rangi kioo kizima zimeandikwa 5000K au 6000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikipanda mwanga unazidi weupe na ubluu), ni balbu ya kawaida iliyovalishwa miwani, rangi ile inameza mwanga. Halojeni halisi, yaani hizi balbu za uzi kama H4, ni kama 3200K, inaelekea unjano kidogo, na hakuna ubaya wowote. Wafaransa walilazimishana taa za njano kabisa kuanzia miaka ya 30 mpaka 1993, na Japani gari lililotengenezwa mpaka mwisho wa 2005 linaruhusiwa kuwa na taa za njano mpaka leo. Weupe ni fasheni tu.

Halafu wale wa balbu za 100/90W. Hili ndo linaniuma zaidi kwa sababu linauzwa kama msaada kwa wasafiri wa mikoani. Fanya hesabu ndogo: dimu ya wati 55 kwenye volti 12 inavuta kama ampea 4.6, ya wati 90 inavuta 7.5, na waya uliopo ni ule ule uliofungwa Japani zaidi ya miaka ishirini na tano iliyopita kwa ajili ya wati 55, umeshachubuka, una viungo vya selotepu, plagi imelegea. Nimewahi kumuona fundi akichomoa plagi ya gari lililowekewa hizo za mia, plastiki imegeuka rangi ya kahawia, mguu mmoja wa balbu umeganda ndani hautoki mpaka avute na koleo, ukinusa unasikia harufu ya kuungua. Fyuzi ikianza kukatika mtu anaweka kubwa zaidi. Hapo sasa fyuzi imeacha kazi, waya ndo unakuwa fyuzi, na upo karibu na injini.

Sasa kama balbu ni ile ile ya wati 55 na wakati gari jipya ilikuwa inamulika vizuri, kwa nini leo haimuliki? Umeme haufiki. Waya mzee, swichi ya kwenye usukani imechakaa, ethi (ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) ina kutu, kila sehemu inakula volti kidogo. Na balbu ya uzi haina uvumilivu na volti, ikipungua kidogo mwanga unapungua sana. H4 dimu inapimwa kiwandani kwa volti 13.2 na inatakiwa kutoa kama lumeni 1000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Ikipata volti 12 tu, inatoa kama 720. Umepoteza zaidi ya robo ya mwanga kwa volti moja na kitu! Ikifika 11 na ushee, ambayo sio ajabu kabisa kwenye magari yetu, unaendesha na kama nusu ya taa halafu unalaumu balbu.

Kwa hiyo kabla ya duka la balbu mtafute fundi umeme mwenye mita ya kupima volti. Injini inawaka, taa zimewashwa, apime betri kwanza, ikiwa oltaneta, ile inayochaji betri, ni nzima atapata kama 13.8 mpaka 14.4. Halafu apime nyuma ya balbu yenyewe ikiwa inawaka, kwenye plagi, sio plagi ikiwa imechomolewa maana bila mzigo itasoma vizuri tu na mtadanganyana. Tofauti ikizidi nusu volti hivi kuna mahali panavuja. Mara nyingi dawa ni ndogo, kusafisha ethi pale inapofungwa kwenye bodi, kubadilisha plagi mbili (zipo za kauri, hizo haziyeyuki), na kama swichi imechoka sana fungeni rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme, umeme wa taa utoke betri moja kwa moja kwa waya mnene wenye fyuzi yake, swichi ya usukani ibaki kuamrisha rilei tu.

Angalizo kwa wenye Toyota, na mwambie fundi mapema kabla hajaanza kukata: Toyota nyingi za zamani mfumo wa taa uko kinyume na anavyotegemea, mguu wa pamoja wa H4 ndo wenye chanya muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi inachagua dimu au fulu kwa kukata hasi. Land Cruiser za zamani ndo hivyo hivyo. Fundi asiyejua akifunga rilei kwa mazoea taa inakataa au ile alama ya bluu ya fulu kwenye dashibodi inafanya vituko, anaanza kukata waya ovyo na hapo bili inapanda.

Ukishamaliza umeme ndo ukanunue balbu. Mimi nachukua H4 60/55 za kawaida za Philips, Osram, Koito au Stanley, kutegemea nani anazo halisi siku hiyo. Ndo hapo kwenye halisi sasa. Feki zimejaa na maboksi yao mazuri kuliko ya halisi. Bei ikiwa ya ajabu kwa udogo jiulize. Kwenye chuma cha balbu tafuta duara lenye herufi E na namba, E1 ni kibali cha Ujerumani, E4 Uholanzi, kuna namba nyingi, na maandishi yawe yamechongwa au kuchapwa vizuri, sugua kwa kidole gumba, yakitoka rudisha. Lakini hata hiyo E inaghushiwa, kwa hiyo kipimo changu kikubwa ni macho: omba balbu mbili za aina moja, zisimamishe sambamba mezani uzitazame kwa pembeni. Kwenye halisi nyuzi zote zimenyooka na ziko usawa ule ule kwenye balbu zote mbili, kikombe kimekaa sawa, kioo hakijainama. Kwenye feki moja uzi umepinda kama umechomekwa na mtu mwenye haraka, nyingine kikombe kimekaa upande. Ukishajua kazi ya uzi na kikombe huhitaji tena kubishana na muuzaji.

Zile zilizoandikwa +100 au +130, yaani zinazodai mwanga zaidi kwa asilimia hizo, za kampuni kubwa, je? Zikiwa halisi zinafanya kazi, wati ni zile zile, wamefanya uzi mwembamba zaidi uliobanana na kubadilisha gesi ya ndani, mwanga unakuwa mwingi zaidi pale katikati mbele. Gharama yake ni maisha, zinaungua mapema kuliko za kawaida, na barabara zetu zenye matuta na mashimo haziziongezei umri. Kama kila Ijumaa usiku unaenda Morogoro na kurudi Jumapili usiku zinaweza kukulipa. Kama usiku wako ni Mbezi mpaka Mwenge kwenye foleni, hela hiyo weka mafuta.

Balbu moja ikiungua nunua mbili ubadilishe pande zote, maana iliyobaki ina umri ule ule na mwanga wake umeshafifia, na ile nzima uliyotoa itupie kwenye droo ya dashibodi. Gari likiwa chongo saa tatu usiku pale Mlandizi trafiki akikusimamisha faini inakuhusu, na kubadilisha H4 ni kazi ya dakika chache tu: chomoa plagi, vua mpira, bana kile kibana cha waya, toa, weka mpya, ina masikio matatu kwa hiyo ikikataa kukaa ujue umeigeuza. Kioo usikiguse kwa vidole, mafuta ya mkono yakipata joto lile kioo kinaharibika, ukigusa futa kwa spiriti. Mpira urudi mpaka uzibe kabisa.

Vioo vya taa. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 yalikuwa na kioo halisi, hakipauki. Baadae ikaja plastiki, ambayo jua letu linaipiga inakuwa njano na ukungu, na hapo balbu yoyote utakayoweka mwanga unaishia kwenye plastiki. Dawa ya meno inasaidia wiki chache halafu inarudi, kwa sababu ule ukoko wa kukinga jua umeshaisha, kwa hiyo mtafute anayesugua kwa msasa laini wa maji hatua kwa hatua kisha anapulizia kliya, rangi isiyo na rangi ya kukinga, juu yake. Kama bakuli la ndani limepoteza ung'avu, msijisumbue, nendeni Shauri Moyo Ilala mtafute taa used, mulika ndani kwa tochi ya simu uone kama bado inang'aa kioo cha kujitazamia. Na uliza imetoka wapi! Ya Japani au Uingereza sawa, ila iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto, Dubai au Ulaya bara, ule mstari unapanda kulia, yaani moja kwa moja kwa anayekuja. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo mashariki wanalijua hili kwa upande wa pili, wanaendesha kulia lakini wana magari kibao ya Japani yenye taa za kuendeshea kushoto.

Wenye taa za zenoni, zile zinazowaka kwa gesi bila uzi, kutoka kiwandani msinunue kwa kuangalia umbo. Soma herufi na namba kwenye kitako: D2R ni ya taa ya bakuli, D2S ni ya taa yenye jicho la lenzi, na D4 hata volti zake ni tofauti na D2. Kuwasha ile kitu kunahitaji volti maelfu kwa maelfu, mwachie fundi.

Mwisho kabisa kuseti taa, ambako hakuna mtu anafanya na ni bure. Sehemu tambarare, upepo wa matairi sawa, gari mita 5 kutoka ukutani, dimu. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani kimo hicho hicho, halafu zungusha skrubu za nyuma ya taa mpaka ule mstari ushuke kama sentimita 5 chini ya alama, taa zote mbili. Fanya gari likiwa na mzigo unaobeba siku zote, maana 110 springi za nyuma zikishachoka ukiweka magunia mawili ya mchele wa Ifakara kwenye buti pua inapanda, dimu yako inakuwa fulu kwa wenzio, na wale wanaokupigia taa kuanzia Mikese mpaka Kibaha sio kwamba wanakusalimia.